Ekua Amissah na Turubai la Bondzie

Mama yake husema Ekua Amissah alizaliwa kimya kabisa. Mkunga akampiga kofi ili alie, na tangu siku hiyo hajamsamehe mtu.

Hapa Kojokrom tunamwita Anti Ekua tunapomhitaji, na Mama Shoti akishageuza mgongo. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na sauti inayovuka reli. Kibanda chake kiko karibu na stesheni, kimejaa vichwa vya feni, pasi zilizoungua na mafungu ya nyaya. Ufundi wa umeme aliupata katika karakana ya reli kule Sekondi, kwa fundi mkuu mmoja aliyeitwa Arhin. Huyo Arhin alikuwa na sheria asiyoilegeza hata kwa mgonjwa: kabla hujaiamini testa, ipime testa yenyewe. Ianzishe kwenye soketi unayojua ina umeme. Kisha pima pale unapotaka kujua. Kisha rudi kwenye soketi ile ile, uhakikishe haikukufia mkononi. Aliyeruka hatua alipewa ufagio. Ekua alifagia karakana ile kuliko wanafunzi wote, maana alikuwa na haraka na alikuwa na mdomo.

Mimi ni jirani yake, na siku ya mazishi ya Maame Tekyiwa nilikuwa nimekaa na waimbaji wa kanisa, kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu.

Maame Tekyiwa alikuwa mama mkubwa wa Ekua, na ndiye aliyemlea alipokuwa mdogo. Alipofariki, mkuu wa ukoo, Mjomba Kobina Essuman, alitaka msiba utakaosemwa mwaka mzima. Akamwita Bondzie. Kwa upande wetu huu Bondzie ndiye mwenye maturubai, spika na taa. Ukifa, utalala chini ya kitambaa cha Bondzie, upende usipende. Ni mtu mpana, miwani ya jua haimtoki usoni hata akiwa ndani ya nyumba.

Ijumaa alifika na vijana wake, wakasimamisha nguzo za chuma uwani na mbele ya nyumba, wakafunga taa za tyubu, wakatandaza nyaya. Ekua alipopita na ndoo ya maji akasimama. Akaitua ndoo. Akaushika waya mmoja ambao ulikuwa bado haujaungwa, akaupitisha vidoleni.

"Mjomba, njoo uone. Hapa tepu, hapa tepu, hapa hata tepu hakuna. Na huku wameupitisha katikati ya maungio ya nguzo. Chuma kinaubana."

Mjomba Kobina alikuwa anakagua viti. Hakugeuka. "Ekua, mama yako mkubwa yuko mochwari. Wewe ni mfiwa. Mfiwa hukaa chini akalia. Hapandi ngazi."

"Naweza kulia nikiwa juu ya ngazi."

Bondzie akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Anti, machozi na umeme haviendani. Utatuua sote kwa huzuni."

"Nipe saa moja tu nizibadilishe hizi nyaya. Nyaya nzuri ninazo kibandani."

"Bondzie amefanya misiba tangu wewe hujui kushika bisibisi," alisema Mjomba. "Nenda kamsaidie mama yako kukunja vitambaa."

Ekua akainua ndoo. Nusu ya maji aliyamwaga njiani, si kwa bahati mbaya.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, wapishi walikuwa wameshawasha moto uwani chini ya turubai la nyuma. Mkuu wao alikuwa Anti Araba Donkoh, ambaye amepika misiba mingi kuliko idadi ya wachungaji waliopita hapa. Alimwita Ekua kando.

"Nikiegemea nguzo hii mkono unanitekenya. Kama siafu."

"Ni Maame Tekyiwa huyo," alisema mpishi mmoja aliyekuwa anafungua majani ya kenkey, yale madonge yetu ya unga wa mahindi. "Hakupenda kenkey mbichi. Anakwambia uongeze kuni."

Wakacheka. Ekua alikuwa amevaa nguo yake nyeusi ya msiba, na ndani ya mkoba alikuwa na testa ndogo ya kalamu, ile ambayo huisogeza karibu na waya nayo hulia na kuwaka taa nyekundu bila hata kugusa. Gari la maiti lilikuwa limeshapiga honi. Akaitoa, akaisogeza kwenye nguzo. Kimya. Akaipitisha juu, chini. Kimya.

"Hamna kitu," alisema. "Labda ni joto la moto tu." Akakimbilia gari.

Tukamzika Maame Tekyiwa. Tulipokuwa makaburini mvua ikashuka, ile mvua ya Juni isiyoomba ruhusa, na tuliporudi uwanja wote ulikuwa tope. Watu walijipanga chini ya turubai la mbele, ambako kuna sakafu ya saruji na viti vya plastiki. Mjomba Kobina akakaa katikati ya wazee, kitambaa chekundu begani. Bondzie akafungulia spika zake mpaka vifua vikatetemeka. Wageni wakaanza kupita safu kwa safu wakipeana mikono na wafiwa.

Kule uwani, mtu alikuwa amemfunga kondoo dume mweupe kwenye nguzo ya turubai la wapishi. Ndiye kondoo wa msiba. Nilikuwa nimekwenda kunywa maji, nikamwona. Alikuwa amelowa chepechepe. Alijisugua ubavu kwenye ile nguzo, akatoa sauti moja fupi, akaanguka kwenye tope na miguu minne imenyooka kama ya meza.

Vijana wawili walimkimbilia wamwinue.

"Msimguse!" Sauti ya Ekua ilitokea sijui wapi. "Rudini nyuma! Msiguse nguzo, msiguse kamba, msiguse kitu!"

Vijana wakasimama. Watu wakaja kutazama. Na hapo ndipo mzee mmoja wa ukoo, ambaye tangu asubuhi alikuwa karibu na chupa kuliko jeneza, aliinua mikono juu.

"Amempokea! Maame amempokea kondoo wake mwenyewe! Hakusubiri hata kisu!"

Watu wakapiga makofi. Naapa, walipiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Nilimtazama Ekua, nikaona mishipa ya shingo imemsimama.

"Amempokea nini? Kondoo amepigwa na umeme! Mna macho au mna vifungo?"

"Ekua, usitukane kwenye msiba."

Ekua alikuwa ameshaitoa ile kalamu mkobani, naye akaitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyemlisha. Akaenda mbio barazani, kwenye soketi ambapo friji ya maji ilikuwa inanguruma, ina umeme bila shaka yoyote. Akaisogeza kalamu pale. Kimya. Akaitikisa. Kimya. Betri ilikuwa imekufa, na asubuhi alipowaambia wapishi hamna kitu ilikuwa imekufa vilevile. Alikuwa ameruka hatua. Alijitukana mwenyewe kwa Kifante, matusi ambayo nikiyaandika hapa kanisa litaniondoa kwenye kwaya.

Kwanza aliwatoa wapishi wote chini ya turubai la nyuma, akawaacha wamesimama mbali na vyungu vyao. Akaniamuru mimi nisimame pale nisimruhusu mtu kupita. "Akipita mtu nakuzika wewe." Kisha akakimbia kibandani kwake.

Alirudi na gauni lake jeusi la msiba limepandishwa magotini, miguuni viatu vya kazi vya soli nene ya mpira, na mkononi testa yake ya kweli, ile yenye ncha mbili na kioo cha namba. Aliitazama mikono yake kwanza, akaifuta ikauka. Akaangalia nyaya za testa kama zina mchubuko. Akaenda kwenye soketi ya baraza, akachomeka ncha mbili: volti mia mbili thelathini. Nzima. Akarudi uwani, akatafuta ubao mkavu chini ya meza ya wapishi, akausimamia. Ncha moja akaibana kwa kibanio kwenye bomba la chuma linalozama ardhini. Ya pili akaishika nyuma ya ule ukingo wa plastiki unaozuia vidole visiteleze, mkono wa pili akauweka mgongoni kama askari, akaigusa nguzo.

Mia mbili na kumi.

Akarudi kwenye soketi. Mia mbili thelathini. Testa haikudanganya.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mjomba Kobina, akipita katikati ya safu ya wageni waliokuwa wanapeana mikono, na viatu vyake vikiacha matope kwenye saruji.

"Mjomba, zima kila kitu. Nguzo za uwani zina umeme mtupu. Na hizi za mbele zimeungana nazo kwa juu."

"Wajumbe wa chifu ndio wanaingia."

"Basi watoke wakiwa hai."

"Ekua!"

"Kondoo amekufa, Mjomba! Hapa saruji imewakinga, na viti vya plastiki. Maji yakifika hapa itakuwaje? Mtoto akishika nguzo akiwa peku?"

Bondzie akasogea, maikrofoni mkononi, na sijui kama alisahau kuizima au alifanya makusudi. "Wageni wetu, msishtuke. Dada yetu ana uchungu. Hicho kidude chake ukikiambia kimpime yeye mwenyewe kitasoma mia tano."

Uwanja mzima ukacheka, na spika zikakirudisha kicheko. Hata mimi, Mungu anisamehe, midomo yangu ilicheza. Ekua akageuka, akaingia ndani ya nyumba, na sekunde chache baadaye wimbo ukakatika katikati ya neno. Alikuwa amezima swichi kuu, na fyuzi ameing'oa akaitumbukiza kifuani.

Wajumbe wa chifu walisimama getini bila kujua waingie na mguu gani. Mjomba Kobina aliinuka, kitambaa kikamtoka begani.

"Umeridhika sasa? Umemvunjia heshima aliyekulea. Umeridhika?"

"Bado," alisema Ekua. "Sijapima."

"Umezima mwenyewe! Unapima nini tena?"

Lakini alikuwa ameshakwenda uwani. Akapanda ubao wake, akabana bomba, akagusa nguzo. Nilikuwa nimesimama karibu, niliiona namba kwenye kioo kwa macho yangu.

Mia mbili na kumi.

Hapo nilimwona Ekua Amissah akiogopa, mara moja tu maishani. Kisha akainua kichwa, nami nikafuata macho yake. Taa za tyubu chini ya turubai zilikuwa zinawaka. Nyumba haina umeme, spika zimekufa, friji imenyamaza, na taa zinawaka mchana kweupe na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezitazama.

"Bondzie!" alifoka. "Umeme wa taa hizi umeutoa wapi?"

Bondzie akavua miwani. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona macho yake, ni madogo. "Umeme wa nyumba ulikuwa hautoshi. Nikaomba... kwa jirani."

"Jirani yupi?"

Macho yake yalikwenda safu ya tatu, kwa Bwana Inkoom mwenye duka la vinywaji baridi, aliyekuwa ameketi na soda.

"Bwana Inkoom! Waya wetu uko dukani kwako?"

"Aliniomba kistaarabu tu, Anti. Nikasema msiba ni wa wote."

"Funguo."

"Ngoja basi nimalizie hii s..."

"Inuka!"

Inkoom aliinuka, soda ikamwagikia suruali. Walikwenda wote wawili wakikimbia, akafungua duka, akauchomoa waya kutoka kwenye soketi. Taa za tyubu zikazimika. Ekua akarudi, akapima nguzo ya kwanza, ya pili, zote za nyuma, kisha za mbele, huku wazee wakisogeza miguu kumpisha. Sifuri. Sifuri. Watu wakaanza kupumua. Yeye hakupumua. Akarudi tena dukani kwa Inkoom, ambako umeme ulikuwapo, akachomeka ncha kwenye soketi ya friji. Mia mbili thelathini. Ndipo akaamini sifuri zake.

Alipotoka, Anti Araba Donkoh alikuwa amesimama njiani, mwiko mkononi.

"Asubuhi ulituambia hamna kitu."

"Niliwaambia uongo. Testa ilikuwa imekufa na sikuipima. Nitukane."

"Nitakutukana nikishapakua," alisema Anti Araba. "Watu wana njaa."

Na alimtukana kweli, baada ya chakula, kwa kirefu, na Ekua alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Sikuwahi kumwona akimsikiliza mtu hivyo.

Msiba ulimalizika bila spika. Mjomba Kobina alitangaza kwa koo lake mpaka sauti ikageuka ya jogoo mgonjwa. Sisi waimbaji tuliimba kwa vifua vyetu, na wageni wengi walisema hawajasikia uimbaji mzuri hivyo miaka mingi, maana kwa kawaida Bondzie hutufunika. Hayo hayakumsaidia Ekua.

Wiki iliyofuata ukoo ulikaa. Nilikwenda kwa sababu Ekua aliomba shahidi. Bondzie naye aliitwa, akaeleza kwa utulivu kwamba yule kondoo alikula maganda ya muhogo yakamvimbisha, kondoo wengi hufa hivyo. Shahidi sikuulizwa kitu. Mjomba Kobina akakohoa.

"Ukoo umeona hivi. Ekua alikatiza mazishi mbele ya wajumbe wa chifu. Alimfokea mgeni. Alificha fyuzi ya nyumba mahali ambapo mwanamume yeyote asingeweza kuifuata." Wazee wawili wakacheka, akawatazama wakanyamaza. "Ataleta chupa mbili za jin. Na kondoo."

"Kondoo?" alisema Ekua.

"Kondoo wa msiba hakuchinjwa. Damu haikumwagika. Lazima arudishwe."

"Kondoo aliyeuawa na nyaya za Bondzie nirudishe mimi?"

"Maganda ya muhogo," alisema Bondzie.

Ekua aliinuka taratibu, na taratibu ile ilinitisha zaidi ya kelele. "Mjomba, nilikuomba saa moja siku ya Ijumaa. Saa moja tu! Ukanituma kukunja vitambaa. Ningekuwa nimenyamaza Jumamosi, leo mngekuwa mmekaa hapa mnapanga msiba wa Anti Araba, na huyu angekuja tena na maturubai yake, na mngempa kazi. Sileti kondoo. Sileti hata kwato."

Akatoka. Tangu siku hiyo hakuitwa kwenye kikao chochote. Ukoo ukifanya sherehe ya mtoto, yeye husikia kutoka kwangu. Binamu zake wakamwambia mama yake, Mama Esi, kwamba binti yake amejitenga mwenyewe, akifa atazikwa na mafundi wa reli.

Mama Esi ni mwanamke wa amani. Anapenda kila mtu amsalimie akienda sokoni. Aliuza vitambaa vyake viwili vya thamani, akanunua kondoo na jin, akavipeleka usiku wa kuamkia Jumapili nyumbani kwa Mjomba Kobina bila kumwambia Ekua. Kabla ya ibada kuisha, mji mzima ulikuwa unasema: Ekua ameomba radhi. Bondzie alisimama mlangoni mwa kanisa akisema tena na tena kwamba hana kinyongo.

Mimi ndiye niliyemwambia Ekua, na ningependa kusema nilifanya hivyo kwa wema tu, lakini nilitaka pia kuona atafanya nini.

Alitupa bisibisi mezani. Akatoka na viatu vyake vya kazi. Nilimfuata nikiwa na nguo za kanisani. Aliingia uwani kwa Mjomba Kobina, akamkuta kondoo amefungwa kwenye mti wa mchungwa, akaanza kufungua kamba.

"Ekua, unafanya nini?" Mjomba alitokea mlangoni na fulana.

"Nachukua kondoo wangu."

"Ameshapokewa!"

"Amepokewa kwa jina langu, na mimi sikumleta. Jin mnywe. Ila mkiulizwa, semeni ni ya Mama Esi, aliyeuza vitambaa vyake ili nyinyi msione aibu."

Akamvuta kondoo barabarani. Watu walikuwa wanatoka kwenye makanisa yote, Wamethodisti, Wakatoliki na wale wa mahema. Kondoo alikuwa mkaidi, anasimama kila hatua, na kila aliposimama mtu aliuliza, "Anti Ekua, kondoo wa nini huyo?" naye akajibu kwa sauti ile inayovuka reli:

"Ni faini! Wamenitoza kwa sababu niliwazimia umeme wasife!"

"Eti?"

"Turubai la Bondzie lilikuwa na umeme! Muulize Anti Araba! Muulize Inkoom, suruali yake ina doa mpaka leo!"

Wengine walicheka, wengine wakatikisa vichwa kwa jinsi mwanamke anavyojidhalilisha. Lakini walisikia. Kufika stesheni alikuwa amesimulia mkasa ule mara nyingi hata mimi ningeweza kumsaidia. Jumatatu alimrudisha kondoo kwa muuzaji, akavikomboa vitambaa vya mama yake, akavitupa kitandani kwa huyo mama, akatoka. Mama Esi naye akanuna. Nyumba mbili, njia moja katikati, na hakuna aliyeivuka.

Kisha ukaja msiba mwingine, wa mzee wa ukoo tofauti. Bondzie akasimamisha maturubai. Anti Araba Donkoh akafika na wapishi wake, akageuza chungu kikubwa kifudifudi katikati ya uwanja, akakikalia.

"Mbona huwashi moto?" waliuliza wenye msiba.

"Namsubiri Ekua apime."

"Anti, mambo yameshakaguliwa," alisema Bondzie.

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi pika wewe."

Wapishi wengine wakakaa chini nao. Wenye msiba wakahesabu wageni watakaokuja, wakatazama majiko baridi, wakamtuma mtu mbio kibandani. Ekua alikuja, hasira iko pale pale, akaanza na soketi, akapima nguzo moja moja, akarudi kwenye soketi. Nguzo moja ilikuwa na umeme. Aliufuata mpaka kwenye maungio, akautoa waya uliobanwa, akauinua juu watu wauone, akamtupia Bondzie kifuani. Mchana ule Bondzie alinunua nyaya mpya kwa jasho, na akachimbia fimbo ya shaba ya kuupeleka umeme ardhini mbele ya wapishi wote, Ekua akimsimamia na kumwambia bado, gonga, bado.

Sasa upande wetu huu mpishi hawashi moto kabla ya Ekua kupima. Lakini Bondzie hakufilisika, msidhani. Zile nyaya za zamani hakuzitupa. Nasikia amezihamishia kwenye misiba ya vijiji vya ndani ambako Anti Araba hapiki, na Ekua akilisikia hilo hula chakula nusu akasukuma sahani. Ameshakwenda huko mara mbili kwa gharama yake, na mara moja walimfukuza. Mjomba Kobina hamsalimii. Wakikutana barabarani, mmoja hutazama reli, mwingine hutazama juu.

Mama yake ndiye aliyevuka njia. Nilikuwa kibandani siku hiyo nangojea pasi yangu. Mama Esi alikuja na kenkey na samaki wa kukaanga kwenye bakuli, akaliweka mezani juu ya nyaya, akakaa kwenye kigoda. Hakuomba radhi. Ekua hakuinua macho. Nilitazama feni ya watu kama sijawahi kuona feni.

"Kidude chako hicho," alisema Mama Esi, "kinapima maturubai tu?"

"Kinapima chochote."

"Hata friji?"

Bisibisi ya Ekua ikasimama. "Friji ipi?"

"Hii yangu tu. Ukishika mlango ukiwa umelowa mikono, inakung'ata kidogo. Kidogo tu, si sana. Nimeshaizoea."

"Umeizoea? Tangu lini?"

Mama Esi akaanza kukunja ukingo wa kitambaa chake. "Tangu ile Krismasi dada yako aliponunua."

"Mama! Krismasi ya mwaka juzi?"

"Usinifokee, mimi ndiye niliyekuzaa."

"Miezi yote hiyo unashika mlango wa umeme, na mwanao ni fundi, na huniambii?"

"Ningekwambia ungefoka. Ona sasa, unafoka."

Ekua alikuwa ameshasimama. Akavaa viatu vya mpira bila kufunga kamba, akaitoa testa, akaichomeka kwenye soketi ya kibanda, akasoma namba, akaitupia mkobani pamoja na bisibisi na nyaya. Pasi yangu ikabaki wazi mezani, matumbo nje. Alivuka reli kwa hatua kubwa, akipiga kelele kwamba mtu asiguse friji, mtu asiguse, na watu wa stesheni ambao hawana friji wakarudisha mikono mifukoni. Nyuma yake Mama Esi alikuja akiharakisha na bakuli kichwani, akilalamika kwamba samaki wanapoa.